Saa Isiyokuwepo Windhoek

Kabla hajaliona hata paa la nyumba yao, Namukolo alisikia cherehani. Ilikuwa ikilia upande wa nyuma, kwa mwendo alioujua tangu utotoni: mbio fupi, kimya, mbio ndefu, kimya, kisha kikohozi. Alisimama kwenye mlango wa uzio wa matete, begi la safari begani, vumbi la barabara ya Kongola bado limeganda kwenye kope, akapiga yale makofi ya polepole ya mtu anayeomba kuingia kwa wazazi wake. Cherehani ikanyamaza. Kisha ikaendelea.

Mama yake alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye nguo yake nyeusi.

"Karibu, mwanangu. Usipite nyuma kwa kishindo, utamshtua. Anatunga uzi."

"Nani?"

"Baba yako."

Mzee Sinvula alikuwa amezikwa mwaka juzi, juu kidogo ya mji wa Katima Mulilo, mahali ambapo maji ya Zambezi hayafiki hata mwaka wa mafuriko. Namukolo mwenyewe alitupa udongo kaburini. Tangu siku ile alikuwa hajarudi nyumbani, maana Windhoek ni mbali, na kazi ya kuandika programu za kompyuta haina msimu wa mavuno wala wa mapumziko. Kwenye simu mama yake alikuwa akimwambia kila mara, "Baba yako anakusalimu," naye akijibu, "Msalimie sana," akidhani ni heshima tu wanayowekewa marehemu.

Aliweka begi chini, akazunguka nyumba.

Mzee alikuwa ameketi chini ya kibaraza cha mabati, miguu kwenye kanyagio, pini tatu mdomoni. Alivaa suti aliyozikwa nayo, ila koti alikuwa amelitundika kwenye msumari kwa sababu ya joto. Namukolo alipiga magoti, akapiga makofi tena. Baba yake akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa shati, akamtazama binti yake kutoka juu hadi chini kama anavyomtazama mteja.

"Umenenepa," akasema. "Vipimo vyangu vyote vimekuwa bure."

"Eni sha, Baba," akaitikia kwa heshima ya Kilozi. "Ni nyama za kuchoma za Katutura, kule Windhoek."

"Nyama gani hizo zinazokaa kiunoni peke yake? Simama nikupime."

Alimzungushia utepe. Mikono yake ilikuwa ya baridi, baridi ya mtu aliyetoka kufua mtoni asubuhi. Mezani kulikuwa na kitambaa cha buluu alichokinunua kabla ya kuugua, ili amshonee Namukolo musisi, lile vazi pana la marinda ambalo mwanamke wa Kilozi hulivaa siku ya heshima. Rinda la kwanza lilikuwa limeshashikwa. La pili lilikuwa chini ya sindano.

Redio iliyoning'inia kwenye nguzo ikaanza kusoma matangazo ya vifo, kama inavyofanya kila siku saa kumi na nusu. Mzee Sinvula akaacha kukanyaga. Alisikiliza majina yote, akitikisa kichwa kila aliposikia la mtu anayemfahamu.

"Huyu tulicheza naye mpira," akasema. "Nilimtangulia kuondoka, na leo amenipita njiani."

Ilipofika saa kumi na moja alisimama, akachukua koti lake, akalikung'uta, akasema, "Haya," akapita kando ya tangi la maji. Upande wa pili wa tangi hakutokea. Hapo uzi ukaanza kutoka kwenye kitambaa cha buluu, tundu baada ya tundu, bila mkono wa mtu, ukajirudisha kwenye kigurudumu chake. Marinda yakalala yakawa kitambaa tena. Mama akakikunja, akakiweka ndani ya mfuko wa plastiki, akafunika cherehani kwa gunia.

"Kila siku?" Namukolo akauliza.

"Kila siku. Twende tukasonge ugali."

Walikula ugali na samaki, mlango ukiwa wazi kuelekea tangi la maji. Mama alisimulia akiwa anachambua miiba, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za ng'ombe aliyepotea.

"Alipofika kule kwa wazee wake waliotangulia, walimzuia. Walimwambia, wewe Sinvula, unakwenda wapi? Pumzi yako ilikatika saa nane na nusu usiku. Lakini kwa maandishi ya kwenu ulikuwa hai mpaka saa tisa na nusu. Saa nzima unaitupa njiani? Rudi ukaimalize. Basi akarudi. Anaitumia yote, habakizi hata dakika, na kesho anaikuta nzima kama unga wa mchawi."

"Mbona haji usiku, saa ile ile?"

"Nilimuuliza. Akasema usiku alizoea kulala."

Namukolo aliacha tonge mkononi. Saa hiyo aliijua. Aliijua kama mtu anavyomjua ndugu yake aliyefukuzwa nyumbani.

Miaka ile nchi ilikuwa na saa mbili. Kila mwezi wa Aprili, Windhoek na miji mingine yote ilirudisha mishale nyuma kwa saa moja, ili wakati wa kipupwe watoto wasiende shule gizani. Kila Jumapili ya kwanza ya Septemba ikaisogeza mbele tena. Katima haikushiriki mchezo huo. Katima iko mashariki mno; kwa saa ya kipupwe jua lingetua watu wakiwa bado maofisini. Tena majirani zake ni Zambia na Botswana, na mtu anayeuza nyanya ng'ambo ya mto hawezi kuwa na saa yake na mteja akawa na yake. Kwa hiyo redio ya Windhoek ikitangaza saa kumi na mbili, watu wa Katima waliongeza moja kichwani wakaenda zao. Mtoto alijua kuongeza hiyo moja kabla hajajua kuhesabu vidole vyake.

Usiku wa kusogeza mbele, Windhoek iliruka kutoka saa nane hadi saa tisa. Saa iliyokuwa katikati haikuwepo. Hakuna aliyezaliwa ndani yake, hakuna aliyepigwa, hakuna aliyeota. Kwa Katima saa hiyo ilikuwepo, kama usiku mwingine wowote, na ndani yake vyura waliimba. Mzee Sinvula alifia ndani ya saa hiyo, mahali ambapo ilikuwepo.

Nesi wa zahanati alitazama saa ya ukutani, akaiandika kwenye kompyuta: saa nane na nusu. Programu ya zahanati ilikuwa imetengenezwa na kampuni ya Windhoek anakofanya kazi Namukolo, na zahanati zote za nchi ilizihesabia kwa saa ya Windhoek. Haikubishana na nesi. Ilipopewa saa isiyoijua iliisogeza mbele hadi kwenye saa inayoijua, kimya kimya, kama mtu anayemsogeza mgeni kwenye benchi. Ikaandika saa tisa na nusu. Hivyo Mzee Sinvula akapewa saa moja ya uhai, baada ya kuishiwa pumzi ya kuitumia.

Namukolo aliyaona hayo kabla hayajatokea. Kompyuta za dunia nzima zina orodha moja ya miji, na kila mji unashika saa za mahali pake, pamoja na desturi zake zote za kurudisha na kusogeza. Mwandishi wa programu huchagua mji, mashine ikafanya mengine. Namibia ina mji mmoja kwenye orodha hiyo, Windhoek. Katima haimo. Mji wa karibu uliokuwa na saa sawa na ya Katima ulikuwa Lusaka, ng'ambo ya mto. Kwa hiyo Namukolo, akiwa mgeni kazini, aliandika kwamba zahanati za mashariki zifuate saa za Lusaka. Ilikwenda vizuri wiki nzima. Kisha Bwana Gariseb, bosi wake, alikuwa akiwaonyesha wateja kazi yao kwenye skrini kubwa, akasoma maneno hayo mbele yao: Katima, saa za Lusaka.

Alimwita Namukolo wateja walipoondoka.

"Unataka tufungwe?"

"Kwa lipi, bosi?"

"Mwaka ule wa bunduki umeusahau? Watu wa Katima walitaka kuukata mkono huo wa nchi uwe nchi yake, wakaozea jela. Leo mimi nisimame mbele ya wageni na skrini inayosema Katima ni ya Lusaka?"

"Ni saa tu, bosi."

"Na bendera ni kitambaa tu." Alisema hivyo bila ukali. "Nchi moja, saa moja, Namukolo. Watu wa kwenu wataongeza moja kichwani kama walivyozoea. Futa."

Akaufuta mstari ule. Kwa miezi mingi wenzake ofisini walimwita Lusaka. "Lusaka, niletee chai." "Lusaka, pasi yako ya kusafiria iko wapi?" Alicheka nao, maana asiyecheka huongezewa. Septemba ya mwaka huo ndiyo baba yake alikufa, na siku ya msiba hakuna anayekumbuka mambo ya mishale ya saa.

Kesho yake, saa ya mzee ilipokaribia, alikuja Bo Mushabati, mdogo wa marehemu, mtu mnene mwenye sauti ya mahubiri. Alipewa kiti, akapigiwa makofi, akapewa maziwa ya mgando.

"Baba mdogo," Namukolo akaanza, "mama amevaa nyeusi miaka miwili. Mjane mwenye nguo nyeusi haendi sokoni, halimi, haendi kwenye ngoma ya mtu. Shamba lake la bondeni limeota matete mpaka viboko wanalala humo. Lini mtamvua?"

"Mwanangu, mila iko wazi kama kiganja. Mjane huvuliwa nyeusi mume akishafika kwa wazee wake. Huyu hajafika. Huyu juzi tu amenipunguzia suruali."

"Na ikafumuka," mama akasema kutoka mlangoni.

"Ikafumuka katikati ya soko, shemeji, na mimi nimeshika kiuno mbele za watu! Sasa nikuvue nyeusi na mwenye mali yuko nyuma ya nyumba anashona? Watu watasema ukoo wa Sinvula wanawarithisha wake za watu walio hai."

"Mimi si mke na si mjane," mama akasema. "Kutwa nzima nina saa moja ya ndoa, nayo anaitumia kutunga uzi."

Bo Mushabati akanywa maziwa yake. "Tatizo si la mila," akasema mwishowe. "Tatizo ni mashine ya huko kwenu Windhoek. Mila haiwezi kutangulia mashine."

Cherehani ikaanza kulia. Wakaenda wote kumwamkia.

Wengine walipoondoka, Namukolo alibaki ameshika upande wa kitambaa, akikinyoosha kadiri sindano ilivyokuwa ikikila. Baba yake hakuinua macho.

"Nimechoka, Namukolo. Si uchovu wa kazi. Ni uchovu wa mtu aliyeshavua viatu akaambiwa avae."

"Eni sha."

"Mtoto wa jirani yetu Mukena, yule aliyezaliwa usiku wa saa kuruka kama wangu, mwaka mwingine, umemwona? Kivuli chake kimechelewa. Jua liko huku, kivuli bado kiko kule lilikokuwa saa moja iliyopita. Yeye ni mdogo, anakimbizana nacho, anacheka. Mimi ni mzee." Alikata uzi kwa meno. "Mashine hiyo ni ya kwenu. Ifundishe."

"Nitajaribu, Baba."

Akarudi Windhoek.

Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imeifuta saa ya kipupwe. Windhoek haikurudisha tena mishale nyuma, ikabaki na saa moja mwaka mzima, ile ile ya Katima. Ofisini walikata keki siku hiyo. Hakuna watu waliofurahi kuliko wao, kwa sababu kila Aprili na kila Septemba walikuwa wakilala na simu zao mkononi, wakisubiri kuambiwa kitu gani kimeharibika. Bwana Gariseb alitoa hotuba fupi, akasema sasa nchi imekuwa moja kweli.

Namukolo alimkuta ofisini kwake akimwagilia maua. Alimweleza yote, tangu cherehani hadi suruali ya Bo Mushabati. Bosi alisikiliza hadi mwisho, chombo cha maji kikiwa mkononi.

"Pole sana. Alikuwa fundi mzuri, nakumbuka ulinionyesha shati lake. Anakuja saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Kwa saa ya wapi?"

"Siku hizi ni moja, bosi."

"Basi unaona? Tatizo limekwisha lenyewe. Saa ile haitaruka tena. Unataka nitoe watu kwenye kazi za wateja wakatengeneze usiku ambao hautarudi?"

"Hautarudi kwa wanaokuja. Na walioukuta je?"

"Kumbukumbu za waliokufa zimefungwa. Nikifungua moja, nimekiri kwamba kila kipupwe, miaka yote hiyo, upande mzima wa nchi tuliuandikia saa ya uongo. Kila chanjo, kila mtoto, kila dawa iliyonywewa. Nani atatia sahihi hiyo? Wewe?"

"Mimi nitatia."

"Sahihi yako haitoshi." Alilitazama ua lake. "Na yangu ni ghali."

Hakuwa mtu mbaya. Siku ya msiba alituma shada la maua, na lilifika likiwa bado bichi. Na sasa alimpa Namukolo ruhusa aondoke mapema, akapumzike.

Namukolo hakuondoka. Wenzake walipotoka kwenda kula, alifungua kumbukumbu ya baba yake. Aliandika saa nane na nusu. Programu ikaipokea, ikaisogeza hadi saa tisa na nusu. Akaandika tena. Ikasogeza tena, kwa utiifu ule ule. Aliikodolea macho. Kuifundisha kulihitaji kitu kimoja tu, kuiambia mahali, na mahali hapakuwa na jina. Alifungua orodha ya miji ya dunia, akapita visiwa visivyo na watu zaidi ya ndege na wapima hali ya hewa, kila kimoja na saa yake na jina lake. Akafika palipopaswa kuwa na Katima. Hapakuwa na kitu hapo.

Basi mbele ya jina la Sinvula, na la Sinvula peke yake, akaandika Lusaka. Akaweka saa nane na nusu. Safari hii haikusogea.

Siku hiyo saa kumi mama yake alipiga simu.

"Hajaja."

Namukolo aliketi kwenye ngazi za ofisi. "Amefika, Mama. Mwache alale. Kamwambie Bo Mushabati alete ng'ombe wa kukuvua nyeusi."

"Nimeshika gunia la cherehani, sijui nifunue au nisifunue."

"Liache, Mama."

Alilia kidogo, akaosha uso, akarudi kazini. Kesho yake, saa ile ile, simu ikaita tena.

"Hajafika kokote," mama akasema. "Yuko Sesheke."

"Sesheke ya ng'ambo, ya Zambia?"

"Iko nyingine? Wauza samaki wamemwona sokoni, utepe shingoni, amekaa kwenye kibaraza cha watu asiowajua, hana cherehani, hana kazi. Jana alikuja mpaka mpakani. Afisa alimwamkia vizuri, akamwomba pasi. Baba yako ana suti aliyozikwa nayo tu. Afisa akatazama kwenye kompyuta, akamwambia, mzee, kwa maandishi haya wewe umefia ng'ambo hii hii. Sasa nikuvushe uende kufanya nini kwa watu?"

"Na kule kwa wazee? Si saa imekuwa sawa?"

"Saa wanaikubali. Yeye ndiye wasiyemjua. Wameuliza wafu wa Sesheke, wamesema huyu si wetu. Wazee wake wamelala upande huu." Sauti ya mama ilikuwa kavu. "Namukolo, nisikilize. Mtu wangu asizurure ugenini. Mrudishe."

"Nikimrudisha, Mama, saa itasogea tena. Hatapumzika. Na wewe hutavuliwa nyeusi."

"Nimesikia. Mrudishe. Nyeusi naijua kuivaa."

Namukolo alisimama mbele ya mashine hiyo muda mrefu kuliko alivyopata kusimama mbele ya kaburi. Angeweza kumpa baba yake saa ya kweli mahali pa uongo, au mahali pa kweli saa ya uongo. Vyote viwili kwa pamoja havikuwemo kwenye orodha. Aliifuta Lusaka, mara ya pili katika maisha yake, kwa kidole kile kile. Programu ikamchukua Mzee Sinvula, ikamsogeza mbele, ikamweka kwenye benchi.

Kesho yake saa kumi hakusubiri kupigiwa. Alipiga yeye, mama akaipokea na kuielekeza simu nyuma ya nyumba. Mbio fupi, kimya. Mbio ndefu, kimya. Kikohozi.

Mwezi wa Aprili, mwezi ambao zamani mishale ilirudishwa nyuma na sasa hakuna anayeigusa, Namukolo aliomba kufanyia kazi yake Katima. Bwana Gariseb alikubali upesi, maana mtandao siku hizi unafika. Alitaka jambo moja tu, awepo kwenye mashine saa zote za kazi.

"Isipokuwa saa kumi hadi kumi na moja," Namukolo akasema.

Bosi akafikiri. "Nitaiacha wazi kwenye ratiba yako. Mfumo utaona kama saa hiyo haipo."

"Ndivyo ulivyozoea," Namukolo akasema, akafunga mlango.

Wazee wa ukoo walikaa kikao uani, Bo Mushabati katikati. Hawakubishana sana. Walikata shauri kwamba mume asiyefika hawezi kuachwa akute kiti kitupu, kwa hiyo nyeusi haiwezi kutoka kwenye nyumba ile. Lakini hakuna mila iliyosema ni lazima ivaliwe na mtu mmoja siku nzima. Mjane angevuliwa. Kwa ile saa moja, nyeusi angeivaa mtu mwingine wa damu ya nyumba. Ng'ombe alichinjwa, mama akaoshwa, akavikwa kitenge chenye maua mekundu, akakitazama kama kitu alichokiazima. Kanga nyeusi ikatundikwa kwenye msumari wa kibarazani, kando ya ule wa koti.

Mambo mengine yalibaki yalivyo. Kampuni ilinunua mfumo mpya, kumbukumbu zote zikahamishiwa humo kama zilivyokuwa, na mbele ya jina la Mzee Sinvula ikatokea alama ya kijani inayoonyesha kwamba hakuna kosa. Mtoto wa Mukena alianza shule, kivuli chake kikifika darasani wakati wenzake wanatoka kwenda kucheza. Mwalimu alimwekea nafasi karibu na mlango, ili kisikanyagwe. Katika orodha ya miji ya dunia, Namibia ilibaki na mji mmoja.

Siku moja, kabla ya saa kumi, mama alichukua jembe.

"Bondeni viboko wameshaondoka," akasema. "Ngoja nikaone matete yameniachia nini." Akasita kwenye mlango wa uzio. "Ukimwona mwambie chumvi ipo. Juzi aliuliza chumvi, sijui ya nini."

"Nitamwambia."

Namukolo alijitanda kanga nyeusi. Alifunua cherehani, akaitia mafuta, akafungua redio. Baba yake akatokea upande wa pili wa tangi la maji, akatundika koti, akaketi. Alitazama kanga iliyomzunguka binti yake, akatazama mlango wa uzio, akaliona vumbi lililoachwa na miguu ya mkewe.

"Amekwenda kulima?"

"Eni sha. Amesema chumvi ipo."

"Vizuri." Alinyoosha kitambaa cha buluu mezani, akapitisha kiganja juu yake. "Shika huku. Usikaze sana, rinda litapinda."

Akashika. Sindano ikaanza kutembea. Redio ilisoma majina. Safari hii mzee hakumfahamu hata mmoja, wote walikuwa vijana. Rinda la kwanza likasimama, la pili likasimama, na la tatu, na mzee akaliinua juu kwenye mwanga ili binti yake alione lilivyokaa, kwa sababu muda wake ulikuwa unakaribia mwisho na wote wawili walilijua hilo.

"Lingekupendeza," akasema.

"Linanipendeza, Baba."

Akavaa koti. Alilikung'uta mabega, akasimama akilitazama tangi la maji kama msafiri anavyoitazama ngazi ya basi.

"Na kesho?"

Namukolo alipiga magoti, akapiga makofi ya polepole, akasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya uzio: "Kesho saa kumi utanikuta hapa, Baba, nimeshika kitambaa. Na kesho kutwa, na mwakani. Na siku jina la kwetu litakapoingia kwenye orodha ile, nitakuja mbio nikuambie, hata kama rinda liko nusu, na nitakusindikiza mimi mwenyewe, kwa saa ya hapa."